Saa za Kazi na Saa za Mtoto

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Ninyi mlio na mtoto mchanga nyumbani hamhitaji kufafanuliwa methali hiyo. Mimba mama aliibeba mpaka darasani, ofisini au shambani, na hakuna aliyeombwa ruhusa. Lakini mtoto akishazaliwa mambo hubadilika. Anataka kunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, anashikwa na homa usiku wa kuamkia Jumatatu, na msichana wa kazi anaaga kwenda kwao juma lile lile ambalo wakubwa wa kazi wanakuja kukagua. Hapo ndipo mume na mke huanza kuulizana: tutapata wapi kazi itakayomwachia mtoto huyu nafasi?

Swali hilo ni jema, ila mara nyingi huulizwa upande mmoja tu. Mume humwambia mke, "Mama watoto, kwa nini usitafute kazi nyepesi kidogo?" Ni nadra kumsikia mke akimwambia mume maneno hayo hayo, na ni nadra zaidi mume kujiuliza mwenyewe. Tena ndani ya swali hilo mna swali lingine la haki ambalo watu wengi hulipita. Kazi inapompa mzazi nafasi ya kulea, kuna mtu anayelipia nafasi hiyo. Huyo ni nani? Je, aliulizwa?

Tuanze na yale ambayo tayari ni haki yenu, kwa maana wengi huenda kwa mwajiri kuomba kama sadaka kitu ambacho ni chao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba likizo ya majuma 2, naye kwa mshahara kamili. Mama akimaliza likizo ana haki ya kurudi kwenye kazi yake ile ile, au nyingine inayomfaa ambayo masharti yake si duni kuliko ya kwanza. Likizo yake ya kila mwaka haipotei. Wasomaji wa umri mkubwa watakumbuka kwamba chini ya sheria ya zamani, ile ya mwaka 1976, mama alipata miezi 2 tu, na akishaichukua alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Lakini angalieni sharti moja dogo linalowaponyoka wengi: mwajiri anapaswa kupewa taarifa kwa maandishi, angalau siku 7 kabla. Kumdokezea mkubwa wako mkiwa mnakunywa chai si taarifa.

Tatizo laanza mwezi wa 4. Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Likizo ni miezi 3. Ile miezi 3 iliyobaki, itakuwaje? Bunge letu lilijaribu kujibu kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Sheria hiyo inamtaka mwajiri atenge mahali ambapo mama ataweza kunyonyesha au kukamua maziwa, pawe na maji ya kunawa mikono, friji au chombo kingine cha kupozea, meza ndogo na kiti cha kukalia vizuri, na pasiwe chooni. Ndiyo, sheria ililazimika kutaja choo, na kina mama walio kazini wanajua kwa nini. Mbali na wakati wa chakula, mama apewe muda wa kunyonyesha au kukamua usiozidi jumla ya saa 1 katika kila saa 8 za kazi, na muda huo uhesabiwe kuwa wa kazi. Wazo lenyewe si geni. Mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, uliofanyika Washington mwaka 1919, ulikubaliana kwamba mama anayenyonyesha apewe nusu saa mara mbili kwa siku. Sisi ilituchukua miaka 98 kulitia wazo hilo katika sheria hii.

Kwa mama anayeishi Saboti na kufanya kazi Kitale mjini, saa hiyo 1 haimtoshi kwenda nyumbani na kurudi, hasa mvua za Aprili zikishageuza njia kuwa matope. Inamtosha kukamua. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono safi katika chombo safi chenye kifuniko hukaa hadi saa 4 bila friji, na katika friji hata siku 4. Wauguzi hushauri mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo badala ya chupa, kwa kuwa kikombe ni rahisi kuosha. Baba naye anaweza kushika kikombe. Nalitaja jambo hili kwa sababu kuna wanaume wanaodhani mtoto akiwa ananyonya basi wao hawana la kufanya mpaka aanze kutembea.

Sasa tutazame kazi zenyewe zinazopatikana kwetu. Watu husema ualimu ndiyo kazi ya mzazi, kwa kuwa mwalimu anarudi nyumbani jioni na likizo zake ni zile zile za watoto. Kuna ukweli hapo, na kwa mapatano ya mwaka 2021 likizo ya uzazi ya walimu wa serikali iliongezwa kutoka siku 90 hadi 120, na ya baba kutoka siku 14 hadi 21. Lakini mwalimu aliyeingia darasani hawezi kutoka wakati maziwa yamemjaa, na juma la zamu katika shule ya bweni halijui mtoto. Tena mwalimu huhamishwa. Walimu wengi wanaikumbuka sera ya kuwapeleka mbali na kaunti zao iliyoanza kutekelezwa mwaka 2018, mpaka mwaka 2023 Tume ilipoanza kuwarudisha. Mume na mke walioishi kaunti mbili miaka yote hiyo watakuambia kama ualimu ni kazi nyepesi.

Muuguzi ana zamu. Zamu ya usiku humpa mchana nyumbani, nayo majirani humwonea wivu, lakini hawaulizi analala saa ngapi. Hata hivyo, mume na mke wanaoweza kupishana zamu wana kitu ambacho karani wa ofisini hana. Kampuni ya mbegu iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956 na mashamba makubwa ya Trans-Nzoia hufuata msimu. Mahindi yakikauka kuanzia Oktoba kazi huwa nyingi mno, kisha hupungua. Kibarua wa shambani humfunga mtoto mgongoni au kumlaza chini ya mti, na mgeni akipita husema, "Tazama, huyu ana uhuru." Uhuru gani huo? Siku mtoto akiugua na mama akabaki nyumbani, hakuna malipo ya siku hiyo. Mama wa sokoni Kitale, ambaye mtoto wake hulala katika katoni kando ya sukuma wiki, ni bosi wa nafsi yake, naye pia hulipia kila saa anayokaa hospitalini.

Halafu kuna baba wa boda boda. Huyu hana mtu wa kumwuliza alikuwa wapi saa nne asubuhi, na ana chombo cha usafiri. Katika nyumba nyingi za Saboti ndiye mwenye kazi yenye nafasi kuliko wote. Lakini nendeni kliniki siku ya chanjo mwone ni kina nani walioketi kwenye benchi. Baba wa boda boda yuko nje langoni, amewaleta watoto wa watu wengine kwa malipo!

Simcheki. Nataka tuone kwamba mara nyingi kazi ya baba ina nafasi, ila hatujazoea kuitumia kwa mtoto. Zile siku za likizo ya baba, ni wangapi huzichukua? Na kati ya wanaozichukua, ni wangapi huzitumia kupalilia mahindi au kumalizia jiko la nje? Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1981, katika waraka wake juu ya kazi uitwao Laborem Exercens, kwamba kazi ipangwe kwa namna inayoheshimu maisha ya nyumbani, na kwamba maendeleo ya mwanamke kazini yasidai kwamba aiumize familia. Mwaka huo huo, katika Familiaris Consortio, alitaja madhara yanayowapata watoto baba anapokosekana nyumbani. Wengi hupenda kunukuu nusu ya kwanza wanapozungumza na wake zao.

Kuna jambo lingine ambalo mume anapaswa kulifikiri. Ikiwa ni mama peke yake anayeomba ruhusa mtoto akiugua, mwajiri anajifunza nini? Anajifunza kwamba kumwajiri mwanamke kijana ni hasara. Sheria inamkataza kumbagua au kumfukuza kwa sababu ya mimba, lakini siku ya mahojiano hakuna atakayejua kilichopita moyoni mwake. Baba anapokwenda kwa mkubwa wake akasema, "Kesho nampeleka mtoto kliniki, nitafika saa tano na nitabaki jioni kumaliza kazi yangu," hamsaidii mkewe tu. Anamsaidia binti wa jirani atakayeomba kazi pale mwaka ujao. Kimya cha akina baba kina gharama, na wanaoilipa ni wanawake ambao hata hawawajui.

Mtanijibu, na jibu lenu lina uzito: mshahara wa mume ndio mkubwa, tukiupunguza huo tutakula nini? Basi mke apunguze wake, ambao ni mdogo. Kwa hesabu ya mwezi huu mna haki. Lakini hesabu ya ndoa haiishi mwisho wa mwezi. Mama akikaa miaka 4 katika kazi ndogo, mpaka mtoto aanze chekechea, amepoteza zaidi ya mshahara. Amepitwa na vyeo, akiba yake ya uzeeni imekatika, na ujuzi wake umeanza kupata kutu. Mtoto atakua na kwenda zake, na pengo lile litabaki kwa mama. Wala mshahara mkubwa si mwamba. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, mfanyakazi aliyekuwa na mke mwenye kazi au duka alikuwa na mahali pa kushika. Aliyemwachisha mkewe kazi alishika nini?

Sisemi kwamba mke asipunguze kazi. Pengine ndiyo njia iliyo bora kwenu, na mama mwenyewe huenda anaitamani kuliko kitu kingine. Ninachosema ni kwamba hasara hiyo iwe ya wawili. Kama ni yeye anayeacha ofisi na kufungua duka karibu na nyumbani, basi mume aendelee kuweka fungu la mke katika chama cha akiba na mikopo, kwa jina la mke, kila mwezi, kama vile alivyokuwa akiweka mwenyewe. Asilihesabu kuwa zawadi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yenyewe inahesabu ulezi wa watoto na kazi ya nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Ingekuwa aibu mahakama imtambue mke wako kuliko wewe unavyomtambua. Kaeni chini mwandike mmekubaliana kwa miaka mingapi, na mwaka gani mtalitazama tena. Kazi ndogo "ya muda" isiyo na mwisho uliotajwa huwa ya maisha.

Vipi kuhusu wenzenu kazini? Nao wanalipa. Mama akitoka saa tisa, kuna mtu anayebaki kupokea wagonjwa au kufunga hesabu, na mara nyingi ni yule asiye na mtoto, kwa kuwa watu hudhani hana pa kwenda. Huyo naye ana mama mzazi anayeugua, au anasoma jioni. Mzazi mwenye haki hutafuta namna ya kumrudishia: kumshikia zamu ya Krismasi mwaka ambao mtoto ameshakua, kumfunikia siku ya msiba. Na zaidi ya yote asiitumie homa ya mtoto kama kisingizio cha safari zake. Mwajiri akigundua mara moja tu kwamba mtoto "mgonjwa" alikuwa mzima, mzazi wa kweli atakayekuja baada yako ndiye atakayekataliwa.

Kwa hiyo mnapotafuta mahali pa kazi, msiulize mshahara tu. Ulizeni saa za kuingia na kutoka, nazo ziandikwe katika barua ya kuajiriwa, kwa kuwa sheria inataka saa za kazi zitajwe humo. Ulizeni zamu hutangazwa siku ngapi kabla, maana zamu inayojulikana majuma mawili mbele, hata ikiwa ngumu, yafaa kuliko nyepesi inayotangazwa jana yake. Ulizeni wazazi wengine waliomo humo. Hao watakuambia ukweli ambao afisa wa wafanyakazi hatakuambia. Na mkiwa tayari mmeajiriwa, nendeni kwa mkubwa wenu na pendekezo badala ya malalamiko. "Naomba kuingia saa moja na kutoka saa tisa kwa miezi 3, kisha tutazame kama kazi imelala," ni maneno ambayo mtu anaweza kuyajibu. Machozi peke yake hayana jibu, hata mkubwa akiwa mwema.

Nimelibakiza moja, nalo ndilo gumu kwangu kuliandika kwa kuwa linaingia jikoni mwenu. Mume na mke wengi wa Saboti na Kitale ambao wanalalamikia waajiri wao, wao wenyewe ni waajiri. Kuna msichana wa kazi anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili ninyi mfike kazini kwa wakati, na analala baada ya vyombo kuoshwa. Kazi yenu ikipata nafasi, je, yake hupata? Au nafasi yenu imekatwa kutoka katika saa zake? Mwajiri wenu akiwachelewesha hadi saa moja jioni mnanung'unika, lakini ninyi mkipitia kwa rafiki mkafika saa tatu usiku, yeye hana wa kumnung'unikia.

Sheria ile ile ya 2007 inayowapa ninyi likizo ya uzazi inamhesabu yeye pia kuwa mwajiriwa. Anastahili angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na siku 21 za kazi kila mwaka akiwa likizoni kwa malipo. Akipata mimba, ile miezi 3 ni yake vile vile. Najua mtakavyosema: hatuna uwezo wa kulipa wawili. Mwajiri wa mke wako alisema hivyo hivyo, nanyi mkamwona hana utu.

Wengi wa wasichana hawa si wasichana. Ni mama waliomwacha mtoto kwa nyanya, Endebess au upande wa Bungoma, ili waje kumlea wenu. Mwulizeni wenu kama anaye mtoto, kwa upole, na bila kumtisha kwamba jibu litamfukuzisha. Akiwa naye, pangeni siku za kwenda kumwona, zijulikane mapema kama zamu ya muuguzi, na nauli itoke kwenu. Kama anayo simu, aachiwe nusu saa kila jioni azungumze naye. Zipo nyumba ambazo zimemruhusu aje na mtoto wake, watoto wawili wakalelewa pamoja mchana, na mume na mke wakaongeza unga na maziwa kidogo katika matumizi. Haiwezekani kila mahali, kwa kuwa nyumba za kupanga Matisi au Tuwani ni chumba kimoja au viwili. Inapowezekana, lizungumzieni ninyi wawili kwanza, kisha naye awepo, aseme saa zinazomfaa, na baba aliandike.